Bandi ya Mama Mkononi Mwangu

Gauni lile halijakamilika hadi leo. Ni la kitambaa cha buluu iliyokolea, limepimwa na kukatwa, na sehemu ya pindo lake imeshikizwa kwa uzi mweupe ambao haukukusudiwa kukaa. Mafundi wa nguo huita mshono huo bandi. Ni mishono mirefu ya mkono, iliyolegea kidogo, inayoshikilia kitambaa mahali pake hadi cherehani ipite juu yake. Baada ya hapo fundi huifumua na kuutupa uzi. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo kwa miaka yote niliyomfahamu, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwona akiitazama bandi mara ya pili baada ya kuifumua. Hii hakupata nafasi ya kuifumua. Alipiga mishono 11 jioni moja, akaichomeka sindano kwenye kitambaa kama afanyavyo mtu anayetarajia kuendelea kesho, na kesho yake akapelekwa hospitalini. Hakurudi tena nyumbani.

Mishono hiyo 11 sasa iko kwenye mkono wangu wa kushoto, upande wa ndani, kuanzia karibu na kiganja kuelekea kwenye kiwiko. Kutoka siku nilipoamua kuchorwa hadi siku nilipochorwa ilipita miaka 3, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kukosea. Wanaoiona huniuliza maana yake, na nikishawaeleza, wengine huniuliza swali la pili ambalo naliona gumu zaidi: mtu anaipataje tatuu yenye maana yake mwenyewe? Sina njia moja ya kumpa kila mtu. Ninachoweza ni kueleza jinsi yangu ilivyopatikana, pamoja na yale niliyojifunza kuhusu wino, ngozi na alama nilipokuwa nikiitafuta.

Nilikuwa na tatuu nyingine kabla ya hii. Nilipokuwa na miaka 21 niliingia kwa mchoraji nikiwa sina wazo lolote, nikafunua daftari la picha lililokuwa mezani, na kabla dakika 10 hazijaisha nilikuwa nimechagua dira. Maana niliitafuta baadaye. Nilipoulizwa nilisema ni safari ya maisha, au kutopotea njia, au jambo jingine lililonijia siku hiyo, na kila jibu lilimridhisha aliyeuliza. Dira hiyo haifiki upana wa sentimita 4, lakini ndani yake zilibanwa duara mbili, vijistari vya digrii na herufi za pande nne za dunia. Leo vijistari vimeungana na duara, na herufi zimegeuka madoa. Ilichorwa kana kwamba ngozi ni karatasi. Hata hivyo, kinachoniuma zaidi kuliko kufifia kwake ni kwamba dira ile ingeweza kukaa kwenye mkono wa mtu yeyote, na asingehitaji kujua lolote kunihusu ili aivae.

Mama alipofariki nilitaka alama yake upesi. Nilikwenda kwa mchoraji mwingine, mwanamke wa rika langu, nikiwa na picha niliyoipata kwenye intaneti: cherehani ya kukanyaga iliyozungukwa na maua ya waridi, na jina la mama chini yake kwa herufi za kupinda. Aliitazama kwa muda, kisha akaniambia, “Kaka, hii ni cherehani.” Nikamjibu kwamba ndiyo, ni ya mama. Akatikisa kichwa. “Hapana, hii ni cherehani tu. Ya mama yako ilikuwaje?”

Nikaanza kumweleza. Gurudumu la mkono lilikuwa limechubuka rangi pale kiganja chake kilipozoea kuligusa, na chuma kiling’aa kama kijiko. Kidroo cha kulia hakikufunguka bila kupigwa ngumi kwa chini. Juu ya meza palikuwa na mkwaruzo mrefu wa gurudumu la kunakilia ruwaza, uliofanywa na mimi nikiwa na miaka 6, na ambao aliufunika kwa futikamba yake ya kupimia kila mgeni alipokuja. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichokuwa kwenye picha yangu. Mchoraji alikataa kunichora siku hiyo. Aliniambia nirudi baada ya miezi 6 nikiwa na kitu ambacho yeye asingeweza kukichora bila mimi.

Katika miezi hiyo nilijaribu mengi. Nilifikiria tarehe ya kifo, kwa sababu ndiyo watu wengi huchora, lakini kila nilipoiandika kwenye karatasi nilihisi kwamba naiadhimisha siku ambayo yeye hakufanya chochote, siku iliyomtokea tu. Nilifikiria subana yake, ile kofia ndogo ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha kati ili sindano isimchome. Subana ilikuwa karibu na ukweli. Nilikuwa nayo mkononi, na vijishimo vyake vilikuwa vimelika upande mmoja kwa miaka ya kusukuma sindano. Niliichora mara nyingi. Tatizo lilikuwa kwamba, ikishachorwa ndogo, asiyejua huiona kikombe au kengele, na ikichorwa kubwa yenye kila kishimo hugeuka picha ya kitu dukani. Nadhani hilo ndilo lililonifanya nielewe jambo ambalo hadi leo naliona la msingi katika kazi hii: vitu vya mtu si lazima viwe alama yake. Huenda alama ikawa ni kile ambacho mkono wake ulikiacha.

Niliporudi, mchoraji hakuniuliza nimeleta picha gani. Aliniuliza, “Ukifumba macho, unamwona akifanya nini?” Nilimwona akiulowesha uzi kwa ulimi, akiusokota kwa vidole viwili, akiupitisha kwenye tundu la sindano, na mkono wa kushoto ukitangulia mbele kulainisha kitambaa wakati wa kulia ukifuata na sindano. Nilimwona akipiga bandi. Usiku ule nilifungua sanduku, nikalitoa gauni la buluu, nikalitandaza juu ya kitanda na kuihesabu mishono kwa mara ya kwanza.

Mishono haikulingana. Wa kwanza ulikuwa na urefu wa milimita 7, wa nne ulikaribia 11, na wa mwisho ulikuwa umeinama kidogo kushoto. Mama wa ujana wangu alipiga bandi iliyonyooka kama mstari wa rula, kwa hiyo ukosefu huo wa ulinganifu ulikuwa wa mama wa miezi ya mwisho, ambaye macho yalikuwa yamepungua na vidole vilikuwa na ganzi. Kati ya mshono wa saba na wa nane palikuwa na jambo la ajabu: nafasi iliyotenganisha mishono mingine ilikuwa ya milimita 4 hivi, lakini hapo ilikuwa 2 tu, kana kwamba sindano ilitoka na kurudi palepale. Nilidhani uzi ulikuwa umemtoka tunduni akautia upya.

Niliuliza moyoni kama mistari 11 iliyokatika inaweza kweli kubeba mtu. Wasiwasi huo uliniondoka niliposoma kuhusu Ötzi, mtu aliyekutwa mwaka 1991 amehifadhiwa na barafu kwenye Milima ya Alps, katika mpaka wa Italia na Austria, aliyeishi takriban miaka 5,300 iliyopita. Mwili wake una tatuu 61, na karibu zote ni vistari vilivyopangwa sambamba pamoja na misalaba michache, kwenye mgongo wa chini, magoti, vifundo na kifua. Hakuna mnyama wala jua wala uso. Nyingi ziko karibu na viungo vilivyochakaa, na kwa sababu hiyo watafiti kadhaa huziona kuwa zilihusiana na tiba ya maumivu. Mtu huyo alibeba vistari vya masizi kwenye mahali palipomuuma. Sihitaji kujua zaidi ya hapo ili nimwelewe.

Lipo pia tukio la miili miwili ya Gebelein, Misri, yenye umri wa miaka ipatayo 5,000, iliyokaa kwenye British Museum tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwenye mkono wa mwanamume palikuwa na doa jeusi ambalo watu walipita mbele yake kwa zaidi ya miaka 100 bila kulijali. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kamera za miale ya infraredi zilionyesha doa hilo kuwa wanyama wawili wenye pembe, fahali wa mwitu na kondoo wa milimani, huku begani mwa mwanamke kukiwa na safu ya alama nne za umbo la S. Alama za S hakuna anayeweza kuzisoma sasa. Aliyezivaa alizielewa, na nadhani waliomzunguka pia.

Hapo ndipo pana tofauti ambayo ningependa kila anayebuni tatuu aitafakari. Kuna alama zinazosomwa na jamii nzima na kuna alama zinazosomwa na mtu mmoja. Neno lenyewe ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia limetokana na *tatau* la visiwa vya Polinesia, na lilienea Ulaya baada ya safari ya James Cook, ambaye alifika Tahiti mwaka 1769. Huko alama ilikuwa lugha ya wote. Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, moko, yaani tatuu yao ya jadi, hueleza ukoo na nafasi ya mtu, na anayeijua huisoma kama tunavyosoma jina. Ndiyo maana wao wenyewe wana neno jingine, *kirituhi*, kwa michoro ya mtindo huo inayovaliwa na mtu asiye Mmaori, ili mgeni asitembee na nasaba isiyo yake. Hata neno letu nembo, kabla halijawa la makampuni na serikali, lilikuwa jina la alama iliyochanjwa mwilini ili mtu atambulike ni wa nani. Na jamii mpya huzuka kila siku: tatuu ya nukta-mkato iliyosambazwa na Project Semicolon, harakati ya kuwatia moyo wanaopambana na mawazo ya kujiua, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013 na Amy Bleuel baada ya kumpoteza baba yake kwa kujiua, imewawezesha watu wasiojuana kutambuana kuwa wamepita mahali pamoja. Sentensi ingeweza kuishia pale, na mwandishi akaamua kuiendeleza.

Nguvu ya nukta-mkato inatokana na kukubaliwa na wengi. Anayeihitaji hana sababu ya kuibadilisha ili iwe yake peke yake, kwa sababu akiibadilisha sana hatatambulika tena. Mimi nilikuwa nikitafuta kinyume chake, na nilipokuwa sijalitambua hilo nilizunguka kati ya njia zote mbili: nilitaka kila mtu aione cherehani ajue ni mama, na papo hapo nilitaka isiwe ya mtu mwingine yeyote. Haiwezekani kuyapata yote mawili kwa kiwango sawa. Nilipokubali kwamba watu wengi wataiona tu mistari iliyokatika, na kwamba nitakuwa huru kueleza au kutoeleza, kazi iliyobaki ilikuwa ya ufundi.

Ufundi wenyewe ulianza na rangi, na hapo tulikwama kwa karibu mwaka mzima. Uzi wa mama ulikuwa mweupe juu ya kitambaa cheusicheusi, na ngozi yangu ni ya kahawia iliyokolea. Niliona ni dhahiri kwamba mishono ichorwe kwa wino mweupe. Mchoraji alinieleza kwamba wino haukai juu ya ngozi. Sindano huuacha katika tabaka la ndani, milimita 1 hadi 2 chini, na juu yake hubaki tabaka la nje lenye melanini, ile rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi au nyeupe. Kwa hiyo kila wino hutazamwa kupitia rangi ya ngozi, kama mtu anavyotazama kupitia kioo cha rangi, na nyeupe ndiyo inayoathirika kuliko zote. Sikumwamini vya kutosha. Akanitilia nukta 3 nyeupe karibu na kiwiko tusubiri. Baada ya wiki 8 zilikuwa na rangi ya manjano iliyofifia, zikifanana na makovu ya tetekuwanga.

Akanipa wazo la pili, ambalo bado naliona zuri: kuchora utepe mweusi mzima kwa urefu wa mkono na kuacha ngozi tupu iwe ndiyo mishono. Kwa njia hiyo mpangilio wa nguo ungebaki, giza likiwa kitambaa na mwanga ukiwa uzi. Nilikaa na mchoro huo kwa wiki kadhaa. Nilichokiona ni kwamba utepe ulimshinda mama. Jicho lilikwenda kwenye weusi, na mishono ikawa matundu. Tukarudi kwenye lililo rahisi, yaani wino mweusi moja kwa moja kwenye ngozi. Uzi mweupe ukawa mweusi kama picha ya zamani inavyokuwa kwenye filamu kabla ya kuchapwa kwenye karatasi. Nilipoteza rangi nikabaki na mkono wake, na nilipolazimika kuchagua sikujuta.

Suala la ukubwa lilinitoa jasho kwa namna nyingine. Mistari ya tatuu hunenepa kadiri miaka inavyopita, kwa sababu chembe za wino husogea kidogo kidogo ndani ya ngozi, na hiyo ndiyo iliyoiua dira yangu. Mchoraji alikuwa tayari kuiga kila mshono kwa usahihi, isipokuwa ule upenyo wa milimita 2 kati ya wa saba na wa nane. Alisema mistari hiyo miwili itakuja kugusana na kuwa mmoja, na akapendekeza tuisogeze mbali. Nilikataa. Kwangu hapo ndipo palipokuwa na ushahidi zaidi kuliko popote kwamba mishono ile ilipigwa na mtu, kwamba palikuwa na jioni, uchovu na kitu fulani kilichomkatiza. Nikirekebisha hapo nitakuwa nimemrekebisha yeye. Tulibishana kwa upole, kisha akapata suluhisho ambalo mimi nisingelifikiria: asiguse uwiano wowote, ila akuze mchoro wote kwa mara moja na nusu. Bandi ya sentimita 13 kwenye gauni ikawa karibu sentimita 20 mkononi, upenyo ule ukawa milimita 3, na kila mshono ukabaki na kimo chake mbele ya wenzake.

Tuliiacha sindano. Nilishawishika sana kuichora mwishoni, ikiwa imechomekwa kama alivyoiacha, na nilikuwa na mchoro wake uliopendeza. Lakini sindano ingemwambia kila mtazamaji kwamba hii ni picha ya ushonaji, na macho yangeishia kwenye sindano kabla ya kuifikia mishono. Baada ya mshono wa 11 pana ngozi tupu hadi kwenye kiwiko.

Nilikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye kabla ya kuchorwa, naye ni dada yangu mkubwa. Hakulipenda jambo hili tangu mwanzo. Alinisomea Mambo ya Walawi 19:28, mahali Waisraeli wanapokatazwa kujichanja chale kwa ajili ya wafu na kujiandika alama mwilini, na akaniuliza kama mama angekubali. Sikuwa na jibu la kumshinda, na sikulitafuta. Wapo Wakristo wengi wanaolichukua andiko hilo kuwa linawahusu, wapo wanaoliona kuwa la Agano la Kale na desturi za maombolezo za wakati ule, na katika Uislamu wanazuoni walio wengi wameiharamisha tatuu ya kudumu kwa kauli iliyo wazi. Ninaamini mtu anapaswa kulimaliza swali hilo na nafsi yake kabla hajashika penseli, kwa sababu alama inayomsuta mwenyewe haitampa faraja aliyoitafuta. Mimi nililimaliza upande wangu. Dada alisema ataniombea, akanyamaza, na kwa muda mrefu hatukulizungumza tena.

Ili niwe na hakika, niliivaa bandi hiyo kabla haijawa ya kudumu. Kila Jumapili usiku, kwa miezi 3, niliichora upya kwa kalamu ya wino nikitumia karatasi tuliyonakilia, nikaenda nayo kazini, nikanawa nayo, nikaitazama kwenye kioo nikiwa na hasira na nikiwa na furaha. Ningemshauri kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki: kuondoa tatuu kwa leza huchukua vikao vingi vinavyotenganishwa kwa wiki au miezi, na si mara zote ngozi hurudi ilivyokuwa. Wiki ya tano niligundua kwamba sikuwa nikiitazama tena ili kuikagua. Nilikuwa nikiitazama kama mtu anavyotazama saa.

Siku yenyewe ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Mchoraji alivaa glavu mpya, akafungua pakiti ya sindano mbele yangu na kumimina wino kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, na ningemkimbia ambaye hafanyi hivyo, kwa kuwa sindano iliyotumika kwa mwingine yaweza kumwambukiza mtu homa ya ini na maradhi mengine ya damu. Aliniuliza pia, kwa mara ya tatu, kama makovu yangu huvimba na kukua kupita jeraha, jambo linalowapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na ambalo lingetufanya tuache. Alibandika karatasi ya kunakilia mara tatu kabla ya kuridhika na mwelekeo wake. Kisha mashine ikaanza kuvuma.

Sauti ile niliifahamu. Mashine ya kwanza ya umeme ya kuchora tatuu ilipewa hataza New York mwaka 1891, na mbunifu wake, Samuel O’Reilly, aliijenga juu ya wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya mwaka 1876, iliyotoboa karatasi ili kutoa nakala za maandishi. Ni sindano inayopanda na kushuka kwa kasi kubwa mno. Nikiwa nimelala chali, mkono umenyooshwa, macho yamefumbwa, nilikuwa chumbani kwa mama, alfajiri, cherehani ikikimbia upande wa pili wa pazia. Mchoraji aliona machozi akasimamisha mashine akidhani inaniuma. Nikamwambia aendelee.

Baadaye, mkono ulipokuwa unapona na ngozi ya juu ikibambuka, nilitaka kujua ni nini hasa kinachoishikilia bandi ile. Ngozi ya nje hujibadilisha yote kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo si yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliochunguza panya waliochorwa tatuu, walieleza kinachotokea: wino humezwa na seli za kinga zilizo katika tabaka la ndani, lakini seli hizo nazo hufa. Seli inapokufa huuachia wino, na seli nyingine inayozaliwa jirani huumeza palepale kabla haujaondoka. Wabebaji hupokezana na mchoro hubaki ulipo. Nilisoma maelezo hayo mara nyingi kuliko yalivyohitaji. Nilikuwa nimedhani kwamba nimeuchukua mshono wa muda na kuugandisha, kumbe hata mwilini mwangu bado ni bandi, inashikiliwa tu hadi mwingine aje kuipokea.

Dada yangu aliiona mara ya kwanza kwenye kumbukumbu ya mwaka wa nne. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu kwa ajili yake, lakini tulipokuwa tukiosha vyombo nilikunja mikono bila kufikiri. Aliushika mkono wangu ukiwa na povu, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mishono mmoja baada ya mwingine akihesabu kimyakimya, na nikajua kwamba ameitambua. Alipofika kati ya wa saba na wa nane alisimama. Akabaki hapo muda mrefu, kidole kikiwa kwenye ule upenyo mdogo.

“Hapa ndipo nilipoingia kumuuliza kama atakunywa dawa,” akasema. “Aligeuka kunijibu, na sindano ilikuwa bado ndani.”